Sanduku la Kumi na Moja

Kalemie, tarehe 12, mwezi wa kumi na moja

Kwa Mama Adrienne, mama yangu mupenzi,

Nikusalimie kwanza, mama, kama ulivyotufundisha, kwamba hata muntu mwenye nyumba inayowaka moto anasalimia kwanza ndipo anaomba maji. Jambo mama. Mwili uko namna gani? Lile goti la kushoto linakuachia kupiga magoti kanisani, ao bado unasali ukiwa umekaa na kumuomba Mungu msamaha kwa kukaa? Na ule muhogo wa nyuma ya shamba la marehemu Papa, ulioota madoa kwenye majani, umepona? Mimi ni muzima. Nimekonda kidogo, ninakuambia mwenyewe kabla Papa Elysée hajakuambia, sababu yule muzee akiendesha lori lake, jicho moja liko barabarani na lingine liko kwenye habari za watu.

Barua hii njo yeye anakuletea. Nimeiandika kwa herufi kubwa juu ya macho yako, na karatasi zimekuwa nyingi, usikasirike. Ninakuomba kitu kimoja tu: uisome wewe mwenyewe, polepole, ukiwa umekaa. Usimupe katekista akusomee. Ana sauti nzuri, sikatai, lakini anasoma kila kitu kama tangazo la ndoa. Utaniuliza sababu gani sikupiga simu. Mama, juma hili nimekupigia mara tatu. Mara ya kwanza tuliongea juu ya mvua, mara ya pili juu ya mbuzi wa jirani aliyekula majani ya sombe yako, mara ya tatu nikasema réseau ni mbaya, nikakata. Réseau ilikuwa nzuri kabisa.

Hapa Kalemie mvua imeanza kwa nguvu. Barabara ya kutoka gare ya treni kwenda bandarini imekuwa matope, watu wa pikipiki wanapita wamenyanyua miguu yote miwili. Ndakala, zile samaki ndogo za ziwa, ziko nyingi mwezi huu, mpaka docteur wetu amekataza muntu yeyote kuingia labo na ndakala mufukoni, sababu kuna mufanyakazi mumoja, sitamutaja jina, mwenye kutafuna tangu asubuhi. Wote tuko wazima. Meza yangu nimeihamisha. Zamani ilikuwa inaelekea dirisha, na kutoka pale ziwa linaonekana lote. Sasa inaelekea ukuta. Nilikuwa nikiliangalia ziwa ninaanza kuhesabu boti zinazorudi, na kazi inalala.

Ninamukumbuka Ephraïm, mama. Ninamukumbuka vibaya sana. Sasa ni miaka miwili na miezi minne tangu boti ile ya Moba ilipozama naye, na bado nikisikia muntu anapiga mluzi nyuma yangu sokoni ninageuka. Alikuwa anakwenda kufunga plake za umeme wa jua kwenye paa la shule moja kule, unajua, na alisema siku ya tano atakuwa amerudi. Nilimusindikiza bandarini nikiwa nimenuna, juu alikuwa amevaa shati langu la kijani bila kuniomba. Nilimuambia likirudi na doa moja tu, tutaonana wabaya. Alicheka, akapanda. Hilo njo neno langu la mwisho kwa kaka yangu, mama, neno la shati. Nimekuwa nikimufikiria akiwa majini na shati lile, na mimi nikiwa huku nimelikasirikia.

Acha sasa nikueleze kazi yangu, sababu unaijua nusu. Ninasikia ukiulizwa unasema mutoto wangu anapima damu, na watu wanakuletea watoto wenye malaria wakingojea nije likizo. Mama, si hivyo. Katika mwili wa kila muntu, hata katika mufupa uliokauka, kuna alama iliyoandikwa. Nusu ameipata kwa mama, nusu kwa baba. Ni ndogo, haionekani, na katika mufupa wa zamani inabaki kidogo kabisa. Sisi tunaiweka na dawa ndani ya kachupa kasikopita ncha ya kidole, halafu mashine inakapasha joto, inakapoza, inakapasha tena, na kila mara alama moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka mara ya ishirini na nane zimekuwa mamilioni na zinasomeka. Fikiri neno moja lililoangushwa kisimani asubuhi: kufika saa sita kata nzima inalisema. Mashine yetu iko vile vile. Haiulizi neno ni la nani. Ukiangusha la uongo, itazidisha la uongo kwa nguvu ile ile.

Njo maana adui yetu ni uchafu usioonekana. Tone la mate, unywele, vumbi la ngozi ya muntu aliyepita. Docteur Kapinga, mukubwa wetu, yule mwanamuke mufupi wa Kabalo mwenye sauti ya mwalimu, amegawa labo vyumba vitatu. Cha kwanza ni cha kuchanganya dawa, humo mufupa haujaingia hata siku moja. Cha pili ni cha mifupa. Cha tatu kiko ng'ambo ya uwanja, humo mashine inazidisha. Tunatembea upande mumoja tu, kutoka cha kwanza kwenda cha tatu, na ukishakanyaga cha tatu, siku hiyo hurudi cha kwanza hata kama umesahau kichwa chako humo. Mimi siku moja nilirudi kuchukua kalamu. Kalamu, mama! Alinituma nyumbani nioge na nibadilishe nguo zote, na dawa za siku ile akazimwaga zote mbele ya macho yangu. Meza tunazipangusa na javel, ile dawa kali ya kung'arisha nguo. Kachupa kakiwa wazi, hakuna kusema. Na katika kila safari ya mashine tunaweka kachupa kamoja ka maji matupu, tunakaita shahidi. Shahidi akitoka na alama, tunajua dawa zetu zimechafuka, tunatupa vyote na kuanza upya.

Kuna na jambo la joto. Ndani ya dawa muna vipande vidogo vyenye kazi ya kutafuta fasi yao kwenye ile alama na kushika hapo. Ukiviwekea digrii sitini, vinashika fasi yao tu. Ukipunguza, vinashika hata fasi isiyo yao, kama muntu mwenye njaa asiyechagua sahani. Docteur Kapinga anasema kupunguza joto ni kuiomba mashine ikudanganye, na kwamba mashine haijawahi kukataa ombi hilo.

Mwanzo wa mwaka huu tulipewa kazi ya watu wa boti. Unakumbuka kwamba ziwa lilileta maiti ishirini na tatu ufukweni upande wa kusini, na watu wa vijiji wakazizika haraka bila majina, Mungu awabariki. Zilifukuliwa kwa heshima, padri akiwepo, na kila mumoja akawekwa katika sanduku lenye namba yake. Familia arobaini na moja ziliitwa kutoa mate. Wewe pia ulikuja, ukapanda lori siku nne na goti lako lile, ukafungua kinywa mbele ya Docteur Kapinga na kumuuliza kama anatafuta jino. Alicheka siku nzima. Mpaka leo anakusalimia.

Mwezi wa tano nilikuambia kwamba sanduku la kumi na moja ni Ephraïm. Tunasoma fasi kumi na sita za ile alama, na zote kumi na sita zilikubaliana na zako. Mwanaume, na mutoto wa tumbo lako. Docteur Kapinga alitia sahihi, akanishika mabega, akanitafutia yeye mwenyewe lori la kumuleta nyumbani. Unakumbuka tulivyofika naye kwetu Manono, watu wamejaa tangu sokoni, baiskeli zote zimesimama, wamama wa kwaya wamefunga vitenge vya namna moja. Matanga ya siku nne. Ulilia siku tatu, na siku ya nne ukaomba chakula. Nilikuangalia ukila, mama. Kwa karibu miaka miwili sikuwa nimekuona ukimaliza sahani.

Tangu hapo sauti yako ilirudi kwenye simu. Ulianza tena kunichokoza juu ya kuoa. Ulianza kutaja jina la Ephraïm bila kunyamaza katikati. Na siku moja uliniambia kwamba zamani pikipiki ikisimama mulangoni moyo wako ulikuwa unaruka, lakini sasa inasimama na wewe unajua ni mugeni tu, unasimama polepole kuweka maji. Nilifurahi sana siku ile. Niliwaeleza watu wote wa labo, hata wasioniuliza.

Sasa nikutambulishe muntu. Anaitwa Mama Pétronille. Anakaa Katanika, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita. Kwao ni upande wa Nyunzu. Mutoto wake Bénit, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa ndani ya boti ile ile, akitafuta kazi Moba. Kila juma, siku ya tano, anakuja labo kwa miguu, anakaa kwenye benchi la nje, anatandika kitambaa na kuniletea karanga za kukaanga. Ananiita mukwe, sababu ana binti mumoja na amekwisha kuamua. Hanisumbui. Ninatoka, ninamuambia bado, anasema haya mukwe, juma kesho. Miezi yote hii nilikuwa ninamuhurumia, mama, huruma ya muntu aliyeshiba. Nilikuwa ninajisemea, masikini, yeye bado, sisi wetu tumemupata.

Mwezi uliopita Docteur Kapinga alirudi kutoka mafunzo na sheria mpya. Kila muntu anayeingia labo, tangu yeye mwenyewe mpaka mufagiaji, atoe mate, alama yake iandikwe, ili siku ikionekana ndani ya kachupa tujue uchafu ni wa nani. Tulicheka sana siku ile. Papa Déogratias, sentinelle wetu mwenye kulinda mulango, aliuliza kwa woga kama mashine itaonyesha pia nyumba yake ya pili. Mimi nilikuwa wa nne kwenye mustari, na kwa kucheka nilikuwa wa kwanza.

Juma lililofuata Docteur aliniita biro na kufunga mulango, jambo asilozoea kufanya. Aligeuza kioo cha ordinateur nione. Kulikuwa na mistari miwili ya namba. Wa juu uliandikwa sanduku la kumi na moja, wa chini uliandikwa mufanyakazi wa nne. Nilisoma fasi ya kwanza, zilikuwa sawa. Ya pili, sawa. Nilishuka mpaka ya kumi na sita. Mama, ndugu wawili wanafanana fasi fulani na wanaachana fasi zingine, hata wakipendana namna gani. Hawa hawakuachana hata mara moja. Docteur aliniuliza kwa sauti ya chini kama nilizaliwa pacha. Nilimujibu hapana.

Alama tuliyosoma mwezi wa tano ilikuwa yangu, mama. Mimi mwenyewe, Camille. Haikuwa ya Ephraïm. Tulijiuliza huyu mwanaume, mutoto wa Adrienne, ni nani, tukajijibu mbio mbio, na hakuna aliyekumbuka kwamba Adrienne alizaa wanaume wawili.

Docteur alipekua madaftari siku tatu kutafuta uchafu ulipitia wapi. Shahidi wa siku ile alikuwa mutupu. Dawa zilikuwa safi. Masanduku yaliyopita kwenye mashine pamoja na lile yalikuwa safi. Alianza kumushuku mufagiaji, mama wa watu asiye na kosa, kwamba alibeba vumbi la ngozi yangu kwa kitambaa chake, na mimi nilikuwa ninajua tangu dakika ya kwanza, na nilinyamaza. Siku ya nne niliona aibu, nikamueleza. Sasa ninakueleza na wewe.

Siku sanduku lile lilipofunguliwa, niliona mukanda. Mukanda wa kahawia wenye chuma cha mviringo, kama ule wa Ephraïm. Ni kama ule wa nusu ya wanaume wa Kalemie pia, lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha kukata neno. Sheria inasema ukidhani ni muntu wako, utoke, umuachie mwingine. Sikutoka. Nilijiambia, nani atamushika kwa upole kunishinda mimi? Nilitoboa mufupa wa paja, unga wake ukaanguka ndani ya kachupa, na kachupa kakiwa wazi nikakumbuka neno lako. Siku ulipokuja kutoa mate uliniambia kwamba katika ukoo wetu muntu aliyefia mbali halali vizuri mpaka aitwe na mudogo wake, kwa jina, mara tatu, karibu, uso ukiwa wazi, namna wewe mwenyewe ulivyomuita mujomba. Hapo nilishusha maski, mama. Niliinama mpaka pumzi yangu ikanirudia usoni. Nilimuita Ephraïm, Ephraïm, Ephraïm. Nilimuambia shati ni lake, nimemupa, aende nalo. Nililia na kulia, na machozi na mate vilianguka fasi gani sijui. Kisha nilipandisha maski, nikafunga kachupa, na kuandika namba kumi na moja.

Na si hilo tu. Mufupa ulikuwa umekaa sana majini na mchangani, alama yake ilikuwa kidogo, na mara ya kwanza mashine haikutoa kitu cha kusomeka. Muntu mwenye akili angetoboa tena, angesafisha tena. Mimi nilipunguza joto mpaka hamsini na nne, nikaongeza mizunguko kutoka ishirini na nane mpaka thelathini na nne, bila kumuambia muntu. Nilitaka jibu, mama. Nilitaka kukupigia simu. Jibu likaja, na nilikuwa na furaha hata sikuuliza limetoka wapi.

Sikulaumu wewe hata kidogo. Neno lako lilikuwa neno la mama. Mimi njo nilijua sheria ya chumba kile, na ningeweza kumuitia nje, uwanjani, kachupa kakiwa kamefungwa, naye angesikia vile vile.

Docteur Kapinga alirudia kazi kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikiwa mbali. Alikwangua mufupa upande wa nje, akauosha na javel, akachukua unga wa ndani kabisa. Digrii sitini, mashahidi wawili, na siku mbili mbalimbali. Mara zote mbili mashine ilitoa muntu mumoja, na muntu huyo si mutoto wako. Alimulinganisha na familia zote arobaini na moja. Ni Bénit, mutoto wa Mama Pétronille. Fasi kumi na sita kwa kumi na sita, na mate ya dada yake pia yanakubali.

Majuma matatu nimekuwa ninajua haya. Katikati yake ulinipigia kunieleza kwamba musalaba wa mbao umeuondoa, umeweka wa chuma, na jina la Ephraïm limeandikwa kwa rangi nyeupe linaonekana tangu barabarani. Nilikuambia vizuri, mama, umefanya vizuri. Nilikuwa ninataka kuisikia sauti ile siku moja zaidi. Nikisema kesho, kesho ikifika ninasema kesho. Labo wameniondoa kwenye chumba cha mifupa, sasa ninaosha chupa na kuandika vibandiko, na ni haki yao. Docteur naye amejilaumu mbele ya wote, kwamba hakupaswa kumuweka chumbani muntu ambaye mama yake yuko kwenye orodha. Lakini hakuniruhusu kunyamaza zaidi. Aliniambia kuna mwanamuke anatoka Katanika kwa miguu kila juma kuuliza habari ambayo sisi tunayo.

Siku ya kwanza ya juma hili Mama Pétronille aliitwa. Niliomba niseme mimi, na nilisema yote, hata ya maski. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Aliuliza kwanza mutoto yuko wapi. Nikamuambia Manono. Akauliza kama kule alipozikwa kulikuwa na muntu aliyemulilia. Nikamuambia kwamba mama yangu alimulilia siku tatu mpaka sauti ikamukauka, na kwaya iliimba, na mpaka leo kaburi linafagiliwa. Hapo njo alilia. Alilia akiwa amenishika mukono, na hakuniita mukwe. Baadaye alisema Katanika hana hata udongo wake wa kumulalisha mutoto, na kwao hawezi kurudi bado. Anataka kukuuliza kwa kinywa chake kama Bénit anaweza kubaki pale alipo. Anachoomba ni jina tu.

Tunakuja basi, mama, mimi na yeye. Barua hii inatutangulia siku sita. Nimemuomba Papa Elysée aiweke kifuani, isikae katika mizigo. Ninajua ninachokuomba. Ninakuomba ufute jina la mutoto wako kwenye musalaba uliousimamisha wewe, uandike la mutoto wa mwingine. Ephraïm bado hatujamuona. Masanduku yote ishirini na tatu yamesomwa upya na hayumo. Yuko ziwani, fasi ambayo sijui, na mimi niliyekuambia sasa unaweza kutulia ninakurudisha mulangoni kusikiliza pikipiki. Nisamehe. Ninamutamani kaka yangu, mama, ninamutamani leo kuliko siku boti ilipozama, sababu siku ile nilikuwa bado na tumaini la kumuona hata mufupa.

Lia kabla hatujafika. Una siku sita. Niite jina lolote unalotaka, nitalikubali, na nikifika unaweza kunyamaza nami mwaka mzima. Lakini lori likisimama, mama, ninakuomba uwe umenawa uso na umetandika mukeka. Yeye njo mufiwa. Wewe mutoto wake umekwisha kumulilia. Yeye bado hajapata hata fasi ya kukaa chini na kuanza.

Unisalimie wamama wa kwaya wote, na uwaambie wasione haya, waliimba vizuri na waliimbia muntu. Salamu kwa katekista, ambaye ninajua atakuwa amekasirika kwamba hakusoma. Goti ulipake mafuta asubuhi na jioni. Usiende kaburini peke yako mpaka nifike. Mungu akutunze, mama, na amutunze Ephraïm huko aliko.

Ni mimi mutoto wako, yule unayejua aliko,

Camille